Kizingiti cha Shibiri Moja

Kwa miaka kumi na minane nilisoma vitabu nilivyochaguliwa na mtu mwingine. Maktaba ya zamani ya mjini kwetu, huku upande wa Msambweni, ilikuwa orofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na ngazi yake ilikuwa na vipandio kumi na tisa, vyembamba, visivyo na pa kushika. Mimi natembelea kiti cha magurudumu. Homa iliyonipitia nikiwa na miaka minne ilichukua miguu ikaniachia mdomo, na wanaonijua vizuri husema ingefanya jambo la maana kama ingechukua vyote viwili.

Basi nilikuwa nikiandika orodha, na shoga yangu anapanda nayo. Nikisema shoga nasema kama tunavyosema wanawake wa pwani: mwanamke mwenzangu, mwenye siri zangu, tuliyeanza naye darasa la kwanza kwenye dawati moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila Alhamisi akimaliza masomo alipitia maktaba kabla ya kuja kwangu. Nikiomba kitabu cha habari za biashara ya zamani, aliniletea hadithi ya mapenzi akasema kile hakikuwapo. Mara nyingine kweli hakikuwapo. Mara nyingine alikuwa amechoka kutafuta, na hilo nililijua kwa sababu akidanganya hunitazama kidevu, hanitazami macho. Sikumlaumu hata siku moja. Nilimshukuru, nikaisoma hadithi ya mapenzi, na baadhi yake zilikuwa tamu.

Hata hivyo nilikuwa na hamu moja iliyonikaa moyoni miaka yote hiyo. Nilitaka kuwa mbele ya rafu ya vitabu bila kujua ninachokitaka. Mtu anayeandika orodha huomba kile ambacho tayari amekisikia. Nilitaka kuvuta kitabu, kukifungua katikati, kusoma nusu ukurasa, kukirudisha, na kuvuta cha jirani yake. Wenye miguu hufanya hivyo huku wakingoja mvua ipungue, wala hawajui kwamba wamefanya jambo.

Mtu atauliza mbona sikubebwa nikapandishwa. Waliojitolea walikuwa wengi. Watu wa kwetu hatukosi ukarimu wa mikono. Ukikaa na kiti mbele ya ngazi kwa dakika moja tu, wanaume watatu wameshakunja mikono ya kanzu. Lakini nilipokuwa darasa la saba, siku ya kutoa zawadi, niliitwa jukwaani kwa kuwa wa kwanza katika insha. Jukwaa lilikuwa meza zilizounganishwa. Mwalimu mmoja na wavulana watatu wakaninyanyua na kiti changu, mmoja akateleza, nikainamia upande, na sketi ikapanda mpaka kiunoni. Shule nzima pamoja na wazazi wakaiona miguu ambayo mama yangu alikuwa akiifunika kwa leso tangu nikiwa mdogo. Wachache walicheka. Wengi walisema pole, na nilipewa kamusi.

Jioni ile nilimwambia shoga yangu maneno ambayo sijamwambia mtu mwingine, hata mama. Nilimwambia, "Mwanamume atakayenibeba tena atakuwa amebeba jeneza langu." Tulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakucheka. Alinishika mkono akasema, "Wallahi, nikiwapo mimi hakuna atakayekugusa." Na kwa kweli alilitimiza neno lake muda mrefu. Harusini, matangani, hospitalini, mtu akinyoosha mikono yeye alikuwa ameshasimama kati, akisema kwa sauti yake ya ualimu, "Ahsante, ataingia mwenyewe, mpisheni." Kama pahali hapaingiliki, tuliondoka sote wawili.

Kisha tukasikia kwamba maktaba mpya itajengwa, ya chini, isiyo na orofa, kwenye kiwanja kilichokuwa kitupu kando ya barabara. Ikaundwa kamati ya wananchi ya kusimamia ujenzi. Shoga yangu alichaguliwa katibu kwa sababu ana mwandiko mzuri na husikiliza watu mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyenipendekeza niwe mwakilishi wa watu wenye ulemavu. Kazi yangu ni kupokea simu za wageni wanaotaka nyumba za kupangisha ufuoni, Tiwi na Diani, na kazi hiyo naifanya nikiwa kwangu. Mchana nilikuwa na nafasi. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ule. Nilinunua tepu ya kupimia, nikapima kiti changu upana, nikapima magoti yangu kutoka chini, nikapima mkono wangu unapofika nikiunyoosha. Fundi mkuu alikuwa mtu wa Kikoneni, mpole, mwenye tabia ya kuweka penseli sikioni kisha kuitafuta mfukoni. Nilimweleza habari ya njia ya mteremko, ile mafundi wanayoiita rampu: kwa kila inchi moja ya kupanda, futi moja ya kwenda, na pale juu pawe tambarare pa kutosha mtu kugeuza kiti. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kwa namna ya mtu anayetaka nimalize arudi kazini. Basi nikajihamishia kwenye benchi, nikampa kiti changu akikalie.

"Panda ule ubao," nikamwambia, nikimwonesha ubao wa kupitishia toroli ya saruji.

Alipanda urefu wa hatua tatu za mtu mzima, akaanza kurudi nyuma, akashika ukuta. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Kisha bila kuambiwa akaenda mpaka kwenye rafu ya mfano iliyokuwa imesimamishwa pembeni, akanyoosha mkono kuifikia ya juu, akashindwa, akacheka peke yake. Kuanzia siku ile sikuwa na haja ya kumkumbusha jambo. Rafu zikashushwa. Meza zikainuliwa kiasi magoti yapite. Mlango wa choo ukageuzwa ufungukie nje. Alinipigia simu mara mbili kuniuliza kuhusu mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeyafikiria.

Tatizo lilikuja na zawadi. Mzee mmoja wa mjini, mjumbe wa kamati yetu, mwenye mali na heshima zake, alitangaza kwamba atatoa mlango mkubwa wa mbele, mlango wa nakshi, uchongwe kwa mbao ngumu kama milango ya zamani ya miji yetu, uwe sadaka kwa roho ya mama yake. Kamati ilifurahi sana. Hata mimi nilifurahi, nisijifanye. Tulikuwa tumechoshwa na milango ya chuma iliyopakwa rangi ya kijivu, na kila mtu pale mkutanoni alikuwa na babu au nyanya aliyezaliwa nyuma ya mlango wa namna ile. Mzee alileta mchoro. Maua kwenye miimo, minyororo pembeni, na chini kizingiti kizito cha gogo moja, kimo chake shibiri.

Akatueleza, na alieleza vizuri, kwamba mtu hunyanyua mguu wa kulia, akapiga bismillahi, akainamisha kichwa kidogo, ndipo akaingia. Kizingiti humfundisha mgeni adabu. Mlango usio na kizingiti, alisema, ni mlango wa ghala. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikajiona naitikia pia, kisha nikashtuka.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mlango ni mzuri mno, Mungu akulipe. Lakini mimi mguu wa kunyanyua sina."

Fundi ndiye aliyetuokoa. Alisema kizingiti kinaweza kuzikwa: achimbe mfereji kwenye sakafu, gogo lishuke mpaka mgongo wake uwe sawa na vigae. Mlango utabaki mzima, hautakatwa popote, ila nakshi za uso wa kizingiti zitaingia chini. Mzee alikunja mchoro wake polepole. Shoga yangu akaandika: kizingiti kitazikwa, kitakuwa sawa na sakafu. Akatusomea kwa sauti, sote tukakubali, na mzee naye akainua mkono. Penye wengi hapaharibiki neno, nilijisemea nikirudi nyumbani.

Mwezi uliofuata nilipata kidonda cha kukaa. Wanaotumia kiti wanakijua: ngozi huchoka kukaliwa, ikafunguka, na dawa kubwa ni kulala kifudifudi hadi ifunge. Dada yangu mkubwa akanichukua kwake Kikoneni. Nililala kifudifudi wiki tisa kwenye chumba chenye dirisha linalotazama mihogo, nikipokea simu za wageni huku kidevu kikiwa juu ya mto. Shoga yangu alikuja mara mbili, safari ndefu ya pikipiki kwenye vumbi, na kila mara aliniletea mahamri yaliyofungwa vizuri yasipondeke.

Mara ya pili nilimwuliza kama mlango umefika.

"Umefika. Mzuri ajabu, utauona."

"Na kizingiti?"

"Kila kitu kinakwenda vizuri, shoga. Wewe pona."

Nililala kifudifudi nikimtazama kwa pembeni, na yeye alikuwa akikitazama kidevu changu. Niliona. Nikajiambia amechoka na vumbi la njia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na methali hiyo nimeifundisha hata watoto wa dada yangu. Lakini mimi nilidhani nipo, kwa kuwa yeye alikuwapo.

Siku ya kufungua maktaba nilikuwa nimepona. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wamepiga hema, wamepanga viti vya plastiki, watoto wa shule wamesimama kwa mistari na sare zao. Nilivaa buibui jipya. Sikuandika orodha. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nitaingia, nitakwenda kwenye rafu ya karibu zaidi, yoyote itakayokuwa, na nitavuta kitabu cha kwanza kitakachogusa mkono wangu.

Rampu ilikuwa safi. Fundi aliijenga kama tulivyosema, na zaidi: pembeni aliweka vyuma vya kushika vya vimo viwili, kimoja cha watu wazima na kimoja cha watoto. Nilipanda mwenyewe. Katikati nilipumzika, si kwa uchovu, kwa raha. Watu wakanipigia makofi, na mimi ambaye huwa nakasirika nikipigiwa makofi kwa kufanya jambo ambalo kila mtu hulifanya, siku ile niliwapungia mkono. Nikafika juu, kwenye tambarare niliyoipima mimi. Magurudumu ya mbele yakagonga kitu yakasimama.

Kizingiti kilikuwa juu ya sakafu, kimo shibiri, kimepakwa mafuta kinang'aa. Kilichongwa mawaridi na samaki wawili wanaotazamana. Nilikikodolea macho kwa muda, nikidhani labda kuna namna yake, labda kinafunguka, labda kuna kitasa mahali. Nyuma yake niliona vigae vyeupe na rafu ya kwanza. Ilikuwa hatua tatu kutoka nilipo.

Vijana wawili wa bara wanaofanya kazi kwenye hoteli za Diani, waliojitolea siku ile kuwaongoza wageni, walikuja haraka. "Madam, usijali, tunakubeba tu chap chap," akasema mmoja. "Sisi hotelini tunabebanga wazungu mpaka kwa maji." Alisema kwa moyo mwema kabisa. Mwenzake alikuwa tayari ameinama akishika gurudumu.

"Msiniguse," nikasema.

Fundi alikuwa kwenye hema, akaniona, akaja mbio. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nilimwuliza kwa nini hakukizika.

"Dada, mimi niliambiwa umekubali mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nimeshachimba mfereji. Nikaambiwa niufukie. Nikakataa mpaka nilipooneshwa karatasi. Imeandikwa kwamba wewe huna pingamizi, utasaidiwa kuingia. Na saini yako ipo."

"Saini yangu ipi?"

Niliuliza, lakini nilikuwa nimeshajua. Kwenye maktaba ya zamani kila anayeazima kitabu alitakiwa atie saini daftarini, na kwa kuwa mimi sikupanda, shoga yangu alinitilia. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo, na mkutubi alifumba macho. Vitabu vinne kila wiki, miaka kumi na minane. Mkia wa herufi ya mwisho yeye huukunja vizuri kuliko mimi. Hata benki, nilipokwenda mwenyewe mara moja, waliniambia nirudie kwa sababu yangu imepinda, haifanani na ile waliyozoea kuletewa naye.

Alikuwa ndani, kwenye meza ya mkutubi, amefungua daftari jipya la wanachama. Amevaa leso mpya mabegani. Aliponiona nikimtazama alisimama akaja mpaka mlangoni, yeye upande wa ndani, mimi upande wa nje, na mawaridi na samaki katikati yetu.

"Shoga, ni hatua moja tu," akasema kwa sauti ya chini. "Leo tu. Mgeni rasmi anangoja."

"Umetia saini yangu?"

"Tutazungumza nyumbani. Nakuomba, usituaibishe mbele za watu."

Nilimwangalia nikingoja aseme lile alilokuwa akilisema siku zote, kwamba nitaingia mwenyewe, mpisheni. Midomo yake ilifunguka. Akawatazama wale vijana wawili akasema, "Mbebeni tu, polepole. Amezoea."

Nimetukanwa na watu wengi. Nimeitwa kiwete sokoni, nimeulizwa na abiria kama nimerogwa, na yote hayo niliyajibu na nikayasahau. Neno lile "amezoea" sijalisahau. Yeye peke yake katika dunia hii alijua kwamba sikuzoea, na alilisema kwa sauti laini, kama mtu anayemwombea mwenzake ruhusa. Nilihisi baridi miguuni, mahali ambapo sihisi kitu.

"Atakayenigusa nitamwuma," nikasema. "Meno ninayo yote."

Hilo mgeni rasmi alilisikia. Watoto wa shule walilisikia, wengine wakacheka. Kijana aliyekuwa ameshika gurudumu aliachia akarudi nyuma. Nikageuza kiti changu pale juu, na nafasi ya kugeukia ilitosha vizuri, nikateremka. Rampu ile ilijengwa kwa ustadi kiasi kwamba sikuhitaji mtu wa kunishikia hata mara moja.

Watu waliniambia baadaye kwamba nilikuwa na haraka, kwamba kulikuwa na njia. Zote zilijaribiwa wiki ile ile. Fundi aliweka ubao juu ya kizingiti, ukawa mkali kama ule wa toroli, na upande wa ndani unateremka tena hapo hapo. Lazima mtu akushike mbele na nyuma. Kuugongomea misumari mzee alikataa, asije mlango wa mama yake ukatobolewa. Mlango wa nyuma una vipandio vinne, kwa sababu ni wa kupitishia makatoni, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu atataka kupita huko. Mimi mwenyewe sikufikiri. Nilikuwa nimepigania mlango wa mbele.

Siku ya tano shoga yangu alikuja kwangu. Nilisikia hodi yake nikasema karibu, kwa sababu mdomo umezoea, na nilimtilia kahawa kwa sababu mikono nayo imezoea. Alikaa kwenye mkeka kama siku zote. Hakuzungukazunguka. Alisema mzee alipita siku moja akaona mfereji umechimbwa, akasimama juu yake muda mrefu, kisha akasema mama yake hatazikwa mara mbili. Akasema ataondoa mlango, na atatoka kwenye kamati. Na mzee huyo ndiye aliyekuwa amempendekeza shoga yangu awe mkutubi.

Kazi ile nilijua alivyoitaka. Miaka ishirini ya kupiga kelele darasani ilikuwa imemla sauti, jioni alikuwa akinong'ona kama mtu mwenye mafua. Barua ya kuomba kazi tuliiandika pamoja, hapo hapo mkekani, na sentensi zake nzuri zote ni zangu.

"Wanakamati wakasema kama mwakilishi wa walemavu anakubali kwa maandishi kusaidiwa, basi maneno yameisha," akasema.

"Ukanitilia saini."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Ungeniletea Kikoneni. Ulikuja na mahamri, karatasi ingekushinda?"

"Ningekuletea, ungekataa."

"Ndiyo."

"Basi," akasema, na akanyanyua mabega. Kisha akaongeza lile ambalo nadhani alilileta kama faraja. "Shoga, nilijua wewe utanisamehe. Yule mzee asingenisamehe kamwe."

Nimeligeuza neno hilo kila upande na bado linanikata. Alitupima sote wawili, mimi na mzee, na aliona sawasawa. Mzee ni mtu wa kinyongo, angemfungia milango yote mjini. Mimi ni mtu wake. Mimi nilikuwa salama kukosewa. Dada yangu nilipomsimulia alisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nikamwambia sitaki methali, nataka mtu wa kukaa nami nikimtukana. Alikaa, Mungu amjaze kheri, na nilimtukana shoga yangu mpaka adhana ya alasiri. Nilimchukia. Kisha nikaona aibu kwa sababu katikati ya matusi nilikuwa nikimkumbuka akiwa na miaka kumi na mitatu, na mkono wake juu ya wangu.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale mkekani alikuwa akingoja. Kahawa yake ilikuwa imepoa.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Andika kwamba nimekusamehe," nikamwambia. "Saini yangu unayo."

Aliweka kikombe chini taratibu. Alifunga leso yake, akasema haya, kwaheri, akavaa viatu vyake mlangoni. Nilimwona kupitia dirisha akisimama njiani kidogo, mgongo kwangu, halafu akaenda. Hajarudi, nami sijamwita. Nasikia ni mkutubi mzuri, watoto wanampenda, na maktaba hujaa hasa wakati wa likizo. Sijaingia.

Nimeanza kuandika barua ya malalamiko. Naiandika kwa kamati, na wao wasiponisikia nitaipeleka juu yao, mpaka nimpate mtu atakayekubali kuja kukitazama kizingiti kile akiwa amekaa. Naandika kwa mkono kwanza, ndivyo nilivyozoea. Sijawahi kupeleka barua ya maana popote bila kumsomea yeye kwanza kwenye simu. Alikuwa na sikio la ajabu; alinyamaza, nami nikajua ni sentensi ipi iliyopinda kwa kusikia tu alivyovuta pumzi.

Barua imefika ukurasa wa pili. Jana nilikwama kwenye sehemu inayohusu saini, nikashindwa nianze vipi bila kuonekana nalia. Nikachukua simu kutafuta msaada, na ilikuwa imeshaita mara mbili upande wa pili ndipo nilipokumbuka nampigia nani.